Wawezeshaji 14 wakabaki 3: kisa cha kisomo Kilolo, na mgowe (kulimiana kwa zamu) uliorudisha watu

Nianze na kisa chenyewe ili tusipotezane. Kuna programu ya kisomo cha watu wazima kwenye kata moja ya milimani, wilaya ya Kilolo mkoani Iringa, kijiji sitakitaja na kikundi kinachoiendesha sitakitaja, wanaotoka huko watajijua wenyewe. Vituo vitano, kila kitongoji na chake: viwili kwenye madarasa ya shule ya msingi watoto wakishatoka, kimoja kwenye jengo la kanisa, na viwili kwenye nyumba tu za watu wenye sebule kubwa. Walifungua tarehe 8 Septemba, siku ya kisomo duniani, wakiwa na wawezeshaji 14, wote wa kujitolea. Kufika katikati ya mwezi wa pili walikuwa wamebaki watatu. Hakuna aliyeandika barua ya kuacha, hakuna aliyegombana na mtu, hakuna hata aliyesema jamani mimi basi. Walipungua mmoja mmoja, ukimpigia simu anakwambia nitakuja, kesho yake humuoni.

Kamati ikakaa, na ndani ya dakika kumi jibu likawa limepatikana: wanataka posho. Mimi niliombwa nikae na kamati, nipitie daftari za mahudhurio na niongee na walioacha, ndo maana nimekiona hiki kisa kwa karibu, na naandika kwa sababu jibu hilo hilo nalisikia Mbeya, nalisikia Njombe, nalisikia Mafinga, popote ambapo kazi ya kujitolea imelala, na karibu kila mahali linatolewa kabla mtu hajaenda nyumbani kwa aliyeacha akamuuliza.

Sisemi pesa sio ishu. Mtu anatembea saa nzima kwenye tope kwenda kufundisha watu wazima wenzake a e i o u, ana haki ya kuuliza napata nini. Lakini kikundi kilikuwa na hela kidogo ya mfadhili inayoisha mwezi wa sita, ukianza kumlipa kila mtu shilingi 20,000 kwa mwezi mwezi wa saba utawaambia nini? Na kikubwa zaidi, wale watatu waliobaki walikuwa hawalipwi kitu, na kati ya walioondoka wawili ndo waliokuwa wamepata hela nyingi kuliko wote. Hapo nikajua kuna kitu hakijakaa sawa kwenye hiyo hesabu.

Daftari linaongea

Kabla ya kumuuliza mtu yeyote tulifungua daftari. Nawasihi wote mnaosimamia wanaojitolea, daftari la mahudhurio mlisome, msilikusanye tu likakae kabatini. La kituo cha kanisani ndo lilinishtua. Mwezi wa tisa limejaa vizuri, majina, vema, tarehe, mada ya siku. Mwezi wa kumi na moja mwanzoni mwezeshaji ameandika kwa peni nyekundu "chaki zimeisha". Wiki inayofuata tena "chaki zimeisha, naomba". Wiki ya tatu "chaki". Halafu "mvua". Halafu "mvua, wamekuja 2". Halafu kurasa nyeupe. Na pembeni kuna safu imechorwa kwa rula vizuri kabisa, imeandikwa MAONI YA MSIMAMIZI, iko tupu kuanzia tarehe 8 Septemba hadi mwisho.

Mratibu ni dada mmoja msomi, ana stashahada ya maendeleo ya jamii, mchapakazi kweli, hakuna anayeweza kusema ni mvivu. Anakaa Iringa mjini, anapanda Noah kuja milimani, mvua zikianza hizo Noah zinakwama njiani anarudi usiku. Kila mwezi alikuwa anachukua idadi kutoka kwenye daftari, anaandika ripoti ya mfadhili, ripoti zake ni safi. Ila alikuwa anatafuta namba tu. Maneno ya peni nyekundu hayana kisanduku kwenye fomu ya mfadhili, kwa hiyo hayakwenda popote. Boksi la chaki ni bei ya vocha, na mwezeshaji yule, mama wa kwaya, alinunua chaki mwenyewe mara ya kwanza, mara ya pili akaona aibu kumuomba mumewe hela ya chaki za mradi.

Kitu kingine tulichokiona humo ni tarehe. Wawezeshaji na wanakisomo walipotea wiki zile zile, mwisho wa mwezi wa kumi na moja na mwezi mzima wa kumi na mbili. Anayejua nyanda za juu kusini hahitaji kuelezwa. Huku mvua ni msimu mmoja, inaanza Novemba hivi, mahindi yanapandwa haraka haraka yawahi, afu Januari palizi, ukichelewa umekula hasara ya mwaka mzima. Ratiba ya programu ilipangwa mwezi wa nane, wakati watu wana nafasi, wakati wengi wako kwenye vinyungu tu kule mabondeni wakimwagilia mboga, na ikaandikwa Jumanne, Alhamisi, Jumamosi saa tisa alasiri mwaka mzima. Mwaka mzima! Hakuna mkulima wa Kilolo angeandika ratiba ya namna hiyo, na kwenye kikao cha kupanga ratiba hapakuwa na mwezeshaji hata mmoja.

Nyumba kwa nyumba

Mratibu ndiye aliyekwenda, na hili nalipa uzito, ilikuwa lazima aende yeye na sio kamati, sababu yeye ndo kiongozi wao. Alienda na mwenyekiti wa kitongoji, maana kumfuata mtu kwake bila mwenyeji ni kama unamdai. Kamwene, kamwene, mnakaa, mnaulizana habari za watoto na za mahindi, mnaletewa viazi vya kuchemsha, ndo mnaingia kwenye neno.

Majibu hayakufanana hata kidogo, na hapa ndipo lile jibu moja la kamati lilipoanza kupasuka.

Kijana mmoja wa kidato cha sita alisema yeye aliambiwa siku ya ufunguzi kwamba watapewa barua na vyeti. Vijana wengi waliomaliza shule na vyuo wanajitolea kufundisha huku wakisubiri ajira, barua ya kuonyesha umejitolea wapi na lini ni kitu cha maana sana kwao, wanaiambatanisha kila wanapoomba kazi. Huyu alikuwa ameomba barua mara mbili kwenye grupu la WhatsApp akajibiwa "tunalifanyia kazi". Akaona anapoteza muda, akaenda kubeba mbao Mafinga. Barua ya ukurasa mmoja na mhuri, hicho tu.

Dada mshonaji, yeye ishu yake ilikuwa mume. Mume hakukataa wazi, alikuwa anamwambia nenda, afu jioni anakuta maneno: shamba letu halijapaliliwa wewe unakwenda kufundisha wake za watu, na unarudi giza limeingia, nani anajua ulikuwa wapi. Hakuna mtu kutoka kwenye programu aliyewahi kukanyaga pale nyumbani kumsalimia huyo baba na kumueleza mke wake anafanya nini. Na siku mratibu alipokaa naye na mwenyekiti, baba alisikiliza, akauliza maswali mawili matatu, akasema kumbe mngekuja mapema. Sio mtu mbaya, hakushirikishwa tu.

Mama mhudumu wa afya ngazi ya jamii alikuwa na sababu ambayo naona ndo inaua programu nyingi vijijini na hatuisemi. Yeye ni mhudumu wa afya, ni mhasibu wa kikoba, yuko kamati ya maji, ni kiongozi wa akinamama kanisani, ikija kampeni ya chanjo anaitwa yeye. Kila mradi ukiingia kijijini unauliza nani anajua kusoma na ni mwaminifu, unapewa majina yale yale kumi. Alisema kwa upole kabisa, "Mwanangu, nilikubali kwa sababu mtendaji alikuwepo, ningekataaje mbele yake?" Sasa huyo unamsimamia vipi? Huyo alishachoka kabla hajaanza.

Na mwalimu mstaafu, ambaye wote tulidhani amekasirika kuhusu hela, alikuwa na kinyongo cha semina.

Semina ya siku tatu

Mwezi wa kumi kulikuwa na semina Iringa mjini, nafasi nne, nauli na posho juu. Taarifa ilikuja ghafla, mratibu akapiga simu, wanne wa kwanza waliopatikana hewani na kusema ndiyo ndo waliokwenda. Kwake hiyo ilikuwa haraka tu, hakuwa na nia mbaya. Lakini tazama ilivyoonekana kutoka kule juu. Vitongoji viwili mtandao hausomi mpaka upande kilimani. Wawezeshaji watano wana simu za kitochi, kwenye grupu hawamo. Wengine wakasikia semina imeshaisha, wakaona picha, watu wamekaa kwenye viti vya kitambaa na chupa za maji. Mwalimu mstaafu, miaka zaidi ya 30 kwenye ubao, hakuulizwa, akaenda kijana aliyewahi kuwa mwanafunzi wake. Wale wanne waliporudi hawakupewa hata nafasi ya kuwaeleza wenzao walichojifunza, kwa hiyo kwa macho ya wenzao walikwenda kula hela.

Kuanzia siku ile habari zikaanza kuzunguka kwamba mradi una hela ila zinaliwa na watu wa mratibu. Na wawili kati ya wale wanne wakaacha haraka kabisa, sababu wakifika kituoni wanatazamwa. Ndo wale niliosema walipata hela kuliko wote. Posho isiyo na utaratibu iliwafukuza waliopata na ambao hawakupata, kwa mpigo.

Kwa mtazamo wangu hapa ndo kiini cha kisa. Watu walikuwa tayari kufanya kazi bila malipo wakati wote wako sawa. Mara inapoingia hela kidogo, na hawajui imegawiwa kwa kigezo gani, lile neno "kujitolea" linageuka, mtu anaanza kujiona mjinga. Na hakuna anayekuja kusema najiona mjinga. Anasema "nitakuja".

Mzee na redio

Kwenye kamati kuna mzee mmoja, miaka sabini na kitu, muda mrefu alikuwa kimya. Siku ya kujadili ripoti ya ziara za nyumbani akaomba neno. Mwaka 1973 yeye alikuwa kijana, akawa msomaji wa kikundi kwenye kampeni ya Mtu ni Afya, ile ya kukaa na redio. Kwa wasioijua, serikali na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima walivirushia vikundi vipindi vya afya nchi nzima, watu wanakaa kumzunguka mwenye redio, wanasikiliza, unasomwa mwongozo kutoka kwenye kijitabu, wanajadili, afu wanaamua kufanya kitu, mara nyingi kuchimba vyoo, kufyeka nyasi karibu na nyumba, kuchemsha maji. Karibu watu milioni 2 walishiriki na viongozi wa vikundi walikuwa maelfu kwa maelfu. Ile ilikuja juu ya mwamko wa mwaka 1970 ambao Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima.

Mzee hakuja kusifia zamani. Alisema kitu kimoja: "Sisi tuliambiwa wiki 12. Ukiwa na wiki 12 unajua utamaliza, unapanga na mkeo, unapanga na shamba. Hawa vijana mmewaambia mpaka lini?"

Kimya. Maana hawakuwa wameambiwa mpaka lini. Fomu waliyojaza mwezi wa tisa ina jina, kijiji, namba ya simu, kiwango cha elimu. Hakuna tarehe ya kuanza wala ya kumaliza. Mtu alikuwa ameolewa na programu bila kuulizwa. Na ukifikiria, ile tabia ya kupotea bila kuaga inaeleweka hapo: mlango wa kutokea kwa heshima haupo, basi mtu anatokea dirishani.

Wakaamua kukata mwaka vipande. Kipande cha kwanza katikati ya Januari mpaka Aprili, siku moja tu kwa wiki, asubuhi ya Jumapili baada ya ibada au Jumatano kituo kinavyochagua chenyewe. Cha pili Julai mpaka Oktoba, siku tatu, ndo kipande kizito. Novemba na Desemba hamna darasa kabisa, imeandikwa na kubandikwa. Mei na Juni wiki chache za mapumziko na tathmini. Kila mwezeshaji anasaini kipande kimoja tu, kikiisha anapewa barua yake na anaulizwa, utaendelea? Akisema hapana anashukuriwa mbele ya wanakisomo wake na anakabidhi daftari kwa mwenzake. Mfadhili alitaka ratiba ya mwaka mzima, mratibu akamwandikia kueleza msimu wa kilimo kwa mistari kumi, akakubali. Watu wengi tunaogopa wafadhili kuliko inavyotakiwa.

Mgowe

Sasa nifike kwenye kile ambacho naamini ndo kiliwarudisha. Wazo halikutoka kwangu wala kwa mratibu, lilitoka kwa wanakisomo wenyewe kwenye mkutano wa mwezi wa pili, mama mmoja alisimama akasema, "Mnasema mwalimu hana muda sababu ya palizi. Si tumpige mgowe?"

Mgowe kwa Wahehe na Wabena ni kazi ya pamoja, unaalika majirani wanakuja kulima kwako siku moja, wewe unapika na unaandaa kinywaji, kesho keshokutwa na wewe unaenda kwa mwenzio. Ni utaratibu wa siku nyingi, hakuna asiyeujua. Na hapo mimi nilipata jibu la swali lililokuwa linanisumbua, kwa nini watu hawa hawa wanaosemwa hawataki kujitolea wanaamka alfajiri kulima shamba la jirani bila senti. Kwenye mgowe zamu yako inajulikana. Unatoa leo, unajua utarudishiwa na nani na kwa kitu gani. Programu ilikuwa imewaomba watoe kwa upande mmoja tu, na huko kwao kutoa kwa upande mmoja mtu hufanya msibani au kwa mgonjwa, sio kila Jumanne na Alhamisi.

Kituo cha kwanza kilipalilia shamba la mama wa kwaya. Watu kumi na kitu, wengi wanakisomo, na wanaume wachache, akiwemo mume wa yule dada mshonaji. Asubuhi mpaka saa sita, nusu ekari ilikuwa imekwisha. Jumapili yake darasa lilikuwa limejaa.

Lakini isije ikaonekana mambo yalinyooka. Afisa elimu kata alipinga, na hoja yake ilikuwa nzito: kisomo ni bure, mkianza kumlimia mwalimu ndo mnadai kilichokatazwa kwa njia ya nyuma, na mwanakisomo mgonjwa au mzee asiyeweza kushika jembe ataona aibu kuja darasani. Mimi nilikubaliana naye kwa asilimia kubwa. Tunajua kuna mahali watoto wa shule walitumika kwenye mashamba ya walimu na wazazi wakanuna, hatutaki hiyo irudi kwa watu wazima. Watu wa kanisa nao wakasema hawatashiriki kama kuna ulanzi, ile pombe ya mianzi, na mgowe wa masika kilimani bila ulanzi wengine wakaona sio mgowe.

Yakazungumzwa mpaka wakaelewana. Mgowe unaalikwa na kituo kizima na sio na mwezeshaji. Mara moja kwa kipande. Nusu ekari, basi, awe na shamba kubwa au dogo. Hakuna kuandika majina ya waliokuja, na daftari la darasani halihusiani kabisa na shambani. Watoto hawaji. Asiyeweza kulima anaweza kuleta kuni, anaweza asilete kitu. Kinywaji ni togwa, anayetaka ulanzi akanywe jioni kwake. Afisa elimu kata akaomba apewe nakala ya huo utaratibu na aje kutazama, akaja kweli, akakaa pembeni ya shamba na buti zake, baadaye akasema sawa ila atakuwa anafuatilia. Na afuatilie, ndo kazi yake.

Ugomvi mmoja ulitokea. Mwezeshaji mmoja mwenye ekari nyingi alisema nusu ekari kwake ni kama hakuna, akaomba ekari mbili. Kituo kikakataa. Akakasirika, akaacha. Wanakamati wengine walitaka kumbembeleza sababu ni msomi na anafundisha vizuri, mratibu akasimama imara, akasema tukimpa yeye ekari mbili tumerudi kwenye semina ya mwezi wa kumi. Nilimheshimu sana siku ile.

Yale madogo

Mengine yalikuwa mepesi na yalifanyika haraka. Mratibu aliitisha kikao cha wote, waliobaki na walioacha, akaeleza semina ilivyokuwa, hela ilikuwa kiasi gani na nani alipata, akasema alikosea namna ya kuchagua. Mwalimu mstaafu alishukuru, akasema basi yameisha, na tangu hapo yeye ndo anashika orodha ya zamu za semina, imebandikwa kwenye mlango wa ofisi ya kitongoji, jina la kwanza likienda linashuka chini. Anayekwenda anarudi na kufundisha wenzake siku moja, asipofanya hivyo nauli ya safari inayofuata hapewi.

Wenye simu za kitochi wanapigiwa, sio kutumiwa ujumbe kwenye grupu wasilokuwemo. Ile safu ya maoni ya msimamizi sasa inajazwa kila mwisho wa mwezi, hata kama ni mstari mmoja, "nimeona, chaki zinakuja Ijumaa". Mama mhudumu wa afya ameachwa apumzike, wamemuomba kitu kimoja tu, amtaje mtu ambaye hajawahi kupewa kazi yoyote kijijini ila anaweza. Akamtaja dada anayeuza mitumba, kidato cha pili tu, na huyo dada kwa kweli ni hazina. Somo lake la hesabu ni la viazi. Analeta gunia darasani, analijaza mpaka mdomoni, halafu analiongezea ile kofia ya lumbesa, anawauliza wanakisomo hapa mnunuzi amebeba debe ngapi za bure? Wanapiga hesabu kwa shilingi. Sheria ya vipimo inasema mzigo wa mazao usizidi kilo 100, wengi walikuwa wanaisikia kwa mara ya kwanza pale, kwa mwenzao, wakiwa wameshika gunia lenyewe.

Na kuna bibi mmoja kwenye kituo hicho hicho ambaye alikuwa anampa mjukuu simu amsomee ujumbe wa M-Pesa, na mjukuu alikuwa anapunguza. Amejifunza neno moja kwanza, "salio", na tarakimu zake. Hiyo ndo kazi tunayoiongelea hapa. Wawezeshaji wakipotea miezi mitatu, huyo bibi anaendelea kuibiwa miezi mitatu.

Walipofika sasa

Kipande cha kwanza kilipoisha mwezi wa nne walikuwa wawezeshaji tisa. Watatu ambao hawakuacha, wanne waliorudi, na wapya wawili. Dada mshonaji karudi, anafundisha Jumapili tu na mume anamsindikiza mvua ikiwa kubwa. Mama wa kwaya karudi. Kijana wa kidato cha sita hakurudi, alipewa barua yake hata hivyo, kwa kazi aliyofanya mwezi wa tisa mpaka wa kumi na moja, akaishukuru. Kuna mtu kwenye kamati aliuliza kwa nini tumpe barua aliyeacha. Kwa sababu alifanya kazi, na kwa sababu wadogo zake kijijini wanaangalia.

Vituo viwili bado ni dhaifu. Kimoja kina mwezeshaji mmoja peke yake, akiugua darasa halipo, na mgowe pale haukufana sababu kitongoji kile kina mgogoro wa mpaka wa mashamba, watu hawaalikani kulima. Utaratibu wa mgowe unategemea watu wanaosalimiana, pale hawasalimiani, na kamati haijapata cha kuweka badala yake. Mimi nilipendekeza waombwe wazee wa kitongoji jirani kukaa nao kabla ya Julai, mratibu anaona bora kituo kihamie kanisani kwa muda, ardhi isiyo ya upande wowote. Naona yeye yuko sahihi kuliko mimi maana anawajua.

Suala lingine lililo mezani ni hela za baada ya Juni. Wanakisomo wa vituo vitatu wameshaanza mradi wa mboga kwenye kinyungu kimoja cha kukodi, kwa mtindo ule wa MUKEJA (Mpango wa Uwiano kati ya Elimu ya Watu Wazima na Jamii) wa kuunganisha kisomo na uzalishaji, na wanasema sehemu ya mauzo itanunua chaki, madaftari na nauli za semina. Mwalimu mstaafu anataka ibandikwe mlangoni kiasi kinachoingia na kinachotoka, kila mwezi, pembeni ya ile orodha yake. Mtunza hazina anasema hilo litaleta maneno. Kikao cha kuamua ni wiki ya kwanza ya mwezi wa saba, na safari hii wawezeshaji wote tisa wamealikwa, saa nane mchana, kanisani.